Msiifungue Alteneta Kabla ya Kupima Ethi

Asanteni. Nimeombwa nizungumzie taa zinazochezacheza na betri isiyojaa kwenye magari yaliyobadilishwa injini, na walionisikia zamani wanajua nitaanzia wapi. Nitaanzia kwenye ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia chuma cha gari na kebo zake. Nimelisema hili miaka mingi, na bado naletewa magari yaliyofungwa alteneta mpya, betri mpya, hata taa mpya, na ugonjwa uko palepale. Kwa hiyo leo nalisema tena, na mara hii nalisema polepole.

Alteneta, ile jenereta inayozungushwa na injini kuchaji betri, sitaieleza zaidi, mliomo humu mnaijua. Nataka tuzungumze juu ya pikapu moja.

Pikapu hii ilizaliwa na injini ya petroli. Mwenyewe akaitoa, akapandisha ya dizeli, na kazi ya chuma ilifanyika vizuri kabisa: maunti, yaani vishikio vya injini, zilikaa sawa, gia boksi ilikubali, haikutetemeka. Umeme ndio uliomshinda. Usiku taa za mbele zilikuwa zinafifia na kurudi. Akiwasha indiketa, taa za dashibodi zinaitikia kila inapopiga. Asubuhi starta inazunguka kwa uzito kama imelala. Alikuwa amekwisha kufunga alteneta ya tatu. Tatu! Na zile mbili za mwanzo alikuja nazo kwenye gunia.

Nikamwomba kitu kimoja tu, awashe gari, liwe sailensa, yaani lingurume bila kukanyagwa mafuta, na awashe taa kubwa na feni ya ndani. Nikapima betri nguzo kwa nguzo: volti 12.9. Sasa, betri iliyojaa, iliyopumzika, inasoma 12.6. Gari likiwa linawaka tunataka kati ya 13.8 na 14.5. Kwa hiyo 12.9 ni njaa. Fundi mwenye haraka anaishia hapo, anasema alteneta imekufa, anachukua spana. Mimi nikahamisha ncha za mita. Ncha moja kwenye boliti kubwa ya nyuma ya alteneta, ile yenye herufi B, nyingine kwenye gamba la alteneta yenyewe. Mita ikasoma 14.3.

Tazameni hapo. Alteneta inatoa 14.3, betri inapata 12.9. Volti 1.4 zimepotelea njiani. Na kidhibiti cha volti kiko ndani ya ile alteneta, kinapima pale kilipo. Kinaona 14.3, kinaridhika, hakiongezi kitu. Ukiitoa ukaweka nyingine, nayo itaona 14.3 na itaridhika vilevile. Ungeweza kufunga alteneta kumi kwenye pikapu ile.

Swali lililobaki ni moja tu: zimepotelea upande gani? Nikapima upande wa chanya, kutoka boliti ya B hadi nguzo ya chanya ya betri. 0.2. Huo ni upotevu wa kawaida. Nikapima upande wa hasi, kutoka chuma cha injini hadi nguzo ya hasi ya betri. 1.2. Jumlisheni wenyewe.

Kisha nikamwambia apige starta, nami nikashika kebo ya eksileta. Ilikuwa ya moto. Kebo ya eksileta! Kwa sababu umeme wa starta, mamia ya ampia, ulikuwa unatafuta njia ya kurudi kwenye betri, na njia iliyopatikana ni ile kebo nyembamba, na vishikio vya ekzosi, na fito za gia. Waya wa hasi wa betri ulikuwa umefungwa kwenye bodi peke yake. Injini imekaa juu ya maunti za mpira, na mpira haupitishi umeme. Ule utepe wa shaba uliosukwa, uliokuwa unaunganisha injini na chasisi, uliondoka pamoja na injini ya zamani. Aliyeitoa aliufungua upande wa chasisi, utepe ukaenda na chuma chake, na hakuna aliyeukumbuka.

Ndiyo sababu taa zilicheza. Njia ya umeme ilikuwa ni vyuma vinavyogusana kwa bahati. Injini ikitikisika, vinagusana zaidi, vinaachana kidogo, na taa zinafuata.

Hesabu yake ni fupi. Mzigo ulikuwa kama ampia 40. Volti 1.2 gawanya kwa 40 unapata omu 0.03, omu ikiwa ni kipimo cha ukinzani wa njia ya umeme. Tatu ya mia ya omu moja imekula alteneta tatu. Nasema imekula, lakini zile mbili za kwenye gunia nilizijaribu baadaye na zote zilichaji. Hazikuwa na ugonjwa wowote. Hili ndilo linaloniumiza: mtu anatoa fedha yake kununua kifaa ambacho tayari anacho.

Sasa naona mkono kule nyuma, na najua atakachosema. Atasema, mimi ethi huwa naipima, naweka mita kwenye omu, inasoma sifuri. Ndugu yangu, mita ya omu hupitisha umeme mdogo sana, chini ya ampia moja kwa mbali. Chukua kebo nene iliyokatika nyuzi zote, ikabaki moja. Mita itakuambia sifuri, kwa sababu ule umeme mdogo unapita kwenye unyuzi mmoja bila shida. Ni kama kupitisha mbuzi mmoja kwenye kichochoro halafu ukasema hata lori litapita. Ethi haipimwi ikiwa imelala. Ipime ikiwa imebeba mzigo, kwa volti: taa zimewashwa, feni imewashwa, injini inawaka. Kisha uipime tena starta ikizunguka.

Na ncha ya mita iguse nguzo yenyewe ya risasi, isiguse kibano. Mara nyingi ugonjwa uko kati ya kibano na nguzo, na ukigusa kibano umeuruka. Mita ikionyesha alama ya kutoa usihangaike, ukipiga starta alama itageuka, kwa kuwa umeme nao umegeuza mwelekeo. Tazama namba. Upande wa hasi, gari likichaji, nataka isizidi 0.2, na nikiona 0.1 nafurahi. Starta ikivuta, nusu volti ndiyo mwisho wa uvumilivu wangu.

Mwingine atasema, lakini injini imefungwa kwa boliti kubwa za chuma kwenye chasisi, ethi itakosaje? Boliti inashika nusu ya maunti, na katikati kuna mpira. Na hata pale ambapo chuma kinagusa chuma, chasisi ina rangi, na chini ya rangi kuna kutu. Vyote viwili havipendi umeme.

Kwenye pikapu ile nilichukua kebo nene sawa na ile ya starta, nikaitoa hasi ya betri moja kwa moja hadi kwenye boliti ya gia boksi. Nyingine kutoka injini hadi chasisi. Nyembamba kidogo kutoka betri hadi bodi. Kila mahali nilikwangua rangi hadi chuma king'ae, nikakaza, ndipo nikapaka grisi juu kuzuia kutu. Baada ya kukaza, siyo kabla. Betri ikasoma 14.0 gari likiwa sailensa na taa zimewaka. Alteneta ni ileile ya tatu.

Kuna jambo jingine la hatari ambalo lazima niliseme. Kuna watu wanajaribu alteneta kwa kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwa inawaka. Ikiendelea kuwaka wanasema alteneta nzima. Acheni. Kwanza, dizeli nyingi zenye pampu ya kawaida ya kimakanika huweza kuendelea kuwaka bila umeme, kwa hiyo hujapima chochote. Pili, betri ndiyo inayomeza mishtuko ya volti. Ukiichomoa wakati alteneta inachaji kwa nguvu, volti zinaweza kuruka na kupita mia moja kwa muda mfupi. Muda huo mfupi unatosha kuua daiodi, vile vipande vya ndani ya alteneta vinavyogeuza umeme geu kuwa wa mwelekeo mmoja, na kompyuta ya injini.

Naoneshwa saa. Haya, mengine nitayapitia haraka.

Taa ya chaji kwenye dashibodi. Kwenye alteneta nyingi taa hiyo ndiyo inayopeleka umeme mdogo wa kuiamsha. Mtu amebadili injini, ameweka dashibodi mpya yenye taa ya ledi, au ameuacha ule waya unaning'inia. Alteneta haiamki mpaka apige resi, ikishaamka inachaji vizuri. Hapo weka balbu ya kawaida ya wati mbili au tatu, au rezista sambamba na ile ledi.

Puli, lile gurudumu la mkanda. Alteneta iliyotoka kwenye injini ya petroli ukiihamishia kwenye dizeli inayozunguka mara 700 kwa dakika ikiwa sailensa, na puli yake ni kubwa, haitapata mwendo. Taa zinafifia kila unaposimama, ukikanyaga mafuta zinarudi. Tafuta puli ndogo, na hakikisha mkanda hautelezi.

Daiodi. Taa zikipepesa haraka, na upepesaji ukafuata mwendo wa injini, weka mita kwenye volti za umeme geu (AC), upime betri gari likiwaka. Ikizidi nusu volti, kuna daiodi iliyokufa, na hapo alteneta ina kosa kweli, ifunguliwe. Lakini ipime kwanza gari likiwa limezimwa. Kama mita inasoma kitu hata hapo, mita yenyewe ndiyo inayodanganya.

Ya injini za volti 24 kwenye gari la volti 12 siyawezi leo.

Nje pale kuna pikapu imeletwa na mmoja wenu, injini imebadilishwa, taa zinacheza. Sijaigusa na sijaambiwa ina nini. Twendeni tuifungue boneti. Mtu mmoja akae kwenye usukani awashe taa zote na feni, na mwenye mita aweke ncha ya kwanza kwenye nguzo ya hasi.