Geuza Kamera, Usiihamishe

Ndugu zangu, kabla sijawasha projekta, naomba kila mmoja anyooshe mkono mbele na asimamishe kidole gumba. Fumba jicho moja. Kipanganishe kidole na kitu chochote kilicho ukutani huku nyuma yangu, pembe ya dirisha au saa. Sasa, mkono ukiwa palepale, geuza kichwa polepole kushoto, kisha kulia, jicho lisikiache kidole. Mmeona? Kidole kinateleza juu ya ukuta. Wewe ulidhani umegeuka tu, kumbe jicho lako limesafiri, kwa sababu kinachozunguka ni shingo, na jicho liko mbele ya shingo.

Hapo ndipo panorama nyingi za mandhari, yaani picha pana zinazoungwa kutoka fremu kadhaa, huharibikia. Watu huniletea picha ambazo uzio umekatika katikati na tawi linaelea hewani bila mti, wakiniuliza ni programu gani itakayoziponya. Mara nyingi sina jibu la kuwafurahisha. Kosa lilishatendeka uwandani, pale kamera ilipohama ilhali ilitakiwa kugeuka.

Kila lenzi ina mahali pake pa kuzungukia. Ichungulie kwa mbele utaona tundu dogo la mwanga likionekana kukaa ndani kabisa ya vioo. Hapo panapoonekana tundu ndipo mhimili wa kuzungukia kamera unapotakiwa kupita. Tatizo ni kwamba tripodi huishika kamera kwenye skrubu ya chini, nyuma ya mahali hapo, kwa hiyo ukiizungusha, lenzi inachora upinde na kila fremu inapigwa kutoka sehemu tofauti kidogo.

Kuupata mhimili hakuhitaji vipimo vya maabara. Simamisha vijiti viwili, kimoja karibu nawe na kingine mbali, vipangane hadi kimoja kimfiche mwenzake. Geuza kamera vijiti viwe ukingo wa kushoto wa fremu, kisha wa kulia. Vikiachana, irudishe kamera nyuma kidogo kwenye reli yake, yaani kibao cha kutelezesha kinachokaa kati ya kamera na tripodi, ujaribu tena. Siku vitakapobaki vimefichana pande zote mbili, tia alama kwenye reli. Kama lenzi yako ni ya kuvuta (zumu), mahali hapo huhama kadiri unavyovuta, basi kila urefu wa lenzi unaoutumia upate alama yake.

Reli hiyo si lazima kila siku. Ukiwa kileleni, na kitu cha karibu kabisa kiko mita 200 kutoka kwako, mikono mitupu inatosha. Shikilia tu kamera karibu na mwili, uizunguke wewe kwa miguu yako kana kwamba imening'inizwa kwa uzi. Lakini ukitaka jiwe lililo mbele ya miguu yako liingie pamoja na mlima wa mbali, hapo reli ni ya lazima.

Sasa lichukueni wazo hilohilo la kutohamisha mlitandaze kwenye mambo mengine. Fremu zako 10 ni picha moja iliyopigwa kwa vipande, na kinachoruhusiwa kubadilika ni kimoja tu: uelekeo. Kamera ikiachiwa ijiamulie mwangaza, fremu inayotazama jua itatiwa giza, inayotazama bonde itang'arishwa, na anga litatoka na mapande kama shuka za rangi mbalimbali. Pima sehemu yenye mwanga mkali zaidi, funga kipimo hapo. Funga fokasi. Funga mpangilio wa rangi (white balance). Tundu la lenzi liwe f/8 au f/11 ili pembe za fremu zisififie.

Na filta ya polaraiza, ile inayokoleza buluu ya anga, ivue. Hili nililipia kwa asubuhi nzima: mawingu mazuri, hewa safi, nikaiacha filta kwenye lenzi kwa mazoea. Nguvu yake hutegemea umbali wa anga kutoka kwenye jua, na huwa kubwa kabisa kwenye nyuzi 90. Ukipiga upana mkubwa, anga linapata kidimbwi cha giza upande mmoja. Nilikaa na faili zile siku tatu, nikazifuta.

Mwanga nao husafiri. Mwaka 1878 mpiga picha Eadweard Muybridge alipiga mji wote wa San Francisco kutoka kilimani, kuzunguka nyuzi 360, kwa vioo 13 vikubwa vya kunasia picha, kila kimoja fremu moja. Kimojawapo kilipigwa nje ya zamu, na vivuli vyake vinamsema mpaka leo: majengo yake yako saa nyingine ya siku kuliko ya jirani. Alikuwa anafanya kazi kwa vioo. Sisi tunaweza kumaliza duara kwa nusu dakika, na bado wapo wanaosimama katikati kukagua skrini. Usikague. Maliza kwanza, mawingu hayakusubiri.

Idadi ya fremu ni hesabu fupi. Kwenye kihisi cha milimita 36 kwa 24, lenzi ya milimita 50 ikisimamishwa wima inaona nyuzi 27 kwa upana. Fremu zikipandana kwa asilimia 30, kila mpya inaongeza nyuzi 19 hivi, basi nusu duara inakula fremu 10. Isimamishe wima hata kama zitakuwa nyingi, kwa sababu panorama hukosa kimo kabla ya kukosa upana.

Kuunga kwenyewe siku hizi ni kwepesi. Mwaka 2003 watafiti Matthew Brown na David Lowe walionyesha programu inayotambua yenyewe picha zipi ni za mandhari moja, kwa kulinganisha alama ndogondogo zilizomo. Ninachokipenda zaidi ni cha zamani kuliko hicho: njia ya kuchanganya picha ya watafiti Burt na Adelson, ya mwaka 1983. Wao hawafichi mshono kwa kuutia ukungu. Rangi pana za anga wanazichanganya kwa eneo kubwa, polepole. Majani na mawe wanayaunganisha kwa eneo jembamba sana. Jicho halioni pa kushika, na ukali haupotei. Njia hiyo bado iko ndani ya programu tunazotumia.

Baadaye programu itakuuliza ulitandaze vipi duara kwenye karatasi bapa. Njia ya mistari iliyonyooka inafaa hadi nyuzi 120 hivi. Zaidi ya hapo pembeni panavutika kama mpira, basi chagua ya silinda. Ya silinda huyapinda majengo, lakini milima haina ugomvi nayo, ilimradi upeo wa macho uko sawa.

Nina tripodi mbili na reli moja pale mlangoni. Jua halijashuka sana. Twendeni nje tukasimamishe vijiti.