Ndugu za protini za ndigana kali: mhadhara wa mazoezi ya mcl

Walimu wangu, shikamooni. Wanafunzi, habari za mchana.

Leo ni zamu ya ndigana kali, ule ugonjwa wa ng'ombe, ila hatutashika ng'ombe wala sindano, tutashika kibodi na programu ya mcl, inayopanga protini katika makundi. Kimelea chenyewe, Theileria parva, mnakifahamu: huletwa na kupe wa kahawia anayependa kukaa masikioni, na kikishaingia ndani ya chembe nyeupe za damu huzifanya zigawanyike ovyo kama saratani. Mwaka 2005 jenomu (maelezo yote ya urithi) ya aina ya kimelea hicho iitwayo Muguga ilichapishwa, kazi iliyofanywa na TIGR, taasisi ya utafiti wa jenomu ya Marekani, pamoja na ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo ya Nairobi. Kromosomu 4, na jeni za protini takriban 4,000. Swali la leo: kati ya protini hizo 4,000, zipi ni ndugu? Yaani zipi zilitokana na jeni moja ya zamani iliyonakiliwa, kisha nakala zake zikaachana kidogo kidogo?

Mtaniuliza, mfugaji anafaidika nini? Chanjo tuliyonayo ni ya vimelea hai. Huhifadhiwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, na ng'ombe akichomwa lazima achomwe na dawa ya antibiotiki, oksitetrasaiklini, papo hapo. Inakinga vizuri, lakini kuufikisha mtungi wa naitrojeni kwenye boma la mbali si mchezo. Ndiyo maana wapo wanaotafuta protini chache zitakazotosha kuwa chanjo zenyewe. Na ukitafuta hivyo, ni lazima ujue kama protini uliyoipenda iko peke yake au ina ndugu makumi wanaofanana nayo nusu nusu.

Hatua ya kwanza ni blastp, programu inayolinganisha mfuatano wa protini, kila protini dhidi ya kila protini. Hizo ni jozi karibu milioni 8. Msiogope, kompyuta ya kawaida inazimaliza. Kwenye jedwali linalotoka, mcl itahitaji safu tatu tu: jina la protini, jina la mwenzake, na thamani ya E. E inakwambia ni mifanano mingapi mizuri kiasi hicho ungetarajia kuiokota kwa bahati tu katika hazina yenye ukubwa ule. Ikiwa ndogo sana, bahati haihusiki.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Anachukua kila jozi yenye E chini ya 1e-5, anaunganisha A na B, B na C, C na D, halafu anashangaa familia moja imemeza mamia ya protini. Kwenye Theileria sababu mojawapo inajulikana: kuna kipande kiitwacho FAINT ambacho kimetapakaa katika protini nyingi zinazotolewa nje ya kimelea, na katika protini moja kinaweza kujirudia mara kadhaa. Protini mbili zikiwa na kipande hicho, blastp itasema zinafanana, na haidanganyi. Lakini sehemu iliyobaki ya kila moja inaweza kuwa haihusiani kabisa na ya mwenzake. Kwa hiyo kabla ya yote ongezeni sharti la urefu: mfanano uwe umefunika sehemu kubwa ya protini zote mbili. Mstari mmoja wa awk, programu ndogo ya kuchuja majedwali, unatosha.

Kisha mcl. Iliandikwa na Stijn van Dongen, akaieleza kwenye tasnifu yake ya Utrecht mwaka 2000. Mwaka 2002 yeye, Enright na Ouzounis wakaonyesha jinsi ya kuitumia kupanga familia za protini. Wazo lake ni hili. Mwachie mgeni Kariakoo atembee bila ramani, kila kona achague njia kwa kubahatisha. Atazunguka humo humo kwa muda mrefu, kwa sababu vichochoro vya ndani ni vingi na njia za kutokea ni chache. Penye mifanano mingi minene, matembezi ya kubahatisha hunasa. Hapo pana familia.

Amri ni mbili. Ya kwanza, mcxload, inasoma jedwali na kugeuza E kuwa uzito wa kila jozi kwa logi hasi ya 10, na tunaweka kikomo cha 200, kwa kuwa E ikiandikwa sifuri logi yake haina mwisho. Halafu:

mcl seq.mci -I 2

Hiyo -I ndiyo kiini cha mhadhara huu. Kila baada ya hatua za matembezi, programu inapandisha uwezekano wa kila njia kwa kipeo hicho, kisha inausawazisha jumla yake irudi kuwa moja. Njia mbili zenye asilimia 70 na 30, kwa kipeo cha 2, zinakuwa takriban 84 na 16. Kwa kipeo cha 4 zinakuwa 97 na 3. Njia nyembamba inakufa haraka, na makundi yanakatika madogo madogo. Kwa hiyo ukiniambia "nimepata familia kadhaa" bila kunitajia -I, mimi sijasikia kitu. Endesheni kwa 1.4, 2 na 4, halafu amri ya clm dist, inayolinganisha matokeo ya mcl, iwaonyeshe makundi yamehama kiasi gani. Familia isiyotikisika katika zote tatu naiamini. Inayovunjika kila ukigusa, fungueni mpangilio wa protini zake zikiwa zimelinganishwa sambamba, muutazame kwa macho. Kwa protini za SVSP, familia kubwa ya protini zinazotolewa nje ya kimelea, ambazo jeni zake zimejazana kwenye miisho ya kromosomu, hamtakwepa kazi hiyo.

La mwisho, zile protini zilizobaki peke yazo, bila ndugu, chini kabisa ya faili la matokeo. Msizifute. p67, protini ya juu ya sporozoiti (umbo la kimelea ambalo kupe humwingizia ng'ombe), iliyojaribiwa kwa miaka mingi kama chanjo, jeni yake ina nakala moja tu. Ongezeni protini za Theileria annulata, kimelea cha jamii hiyo hiyo, kwenye faili lile lile, rudieni tangu blastp, kisha mwangalie kama p67 imekaa kundi moja na SPAG-1, mwenzake wa huko. Ikiwa hazikukutana, anzeni kukagua lile sharti la urefu.