Punguzo la kodi kwa ardhi usiyoijenga

Asanteni, ndugu zangu. Naanza na hii karatasi. Aliniletea mteja wangu, dereva wa lori mwenye nyumba mbili za kupangisha hapa Marekani. Inasema: weka dola 50,000 kwenye ubia wa ardhi, ubia ufunge mkataba wa hifadhi, nawe upate punguzo la dola 225,000 kwenye mapato yanayotozwa kodi. Akaniuliza, "Kaka, hii halali?" Nikamwambia, kaa kwanza.

Nyumbani sote tunaijua haki ya njia. Shamba lako, hati yako, lakini jirani anapita kwenda mtoni na huwezi kumzibia. Mkataba wa hifadhi ni wa ukoo huo huo, ila hapa hapiti mtu. Unaipa serikali, au taasisi ya kuhifadhi ardhi, haki ya kukuzuia wewe mwenyewe usijenge. Kulima utalima, kuuza utauza, watoto watarithi. Ila haki uliyoitoa hairudi. Inasajiliwa kaunti, na kila atakayenunua ataikuta.

Kwa kuwa umetoa kitu chenye thamani, sheria ya kodi, kifungu cha 170(h), inakupa punguzo. Chukua ekari 100 nje ya mji. Mthamini anasema zikigawanywa viwanja ni dola 1,000,000. Zikibaki malisho ni 600,000. Tofauti hiyo, 400,000, ndiyo punguzo lako. Kwa mwaka unatumia hadi nusu ya mapato yako, na kinachobaki unakisogeza mbele hadi miaka 15. Wakulima hasa wana nafuu zaidi, lakini humu ndani sioni mkulima.

Sasa toeni simu tupige hesabu. Punguzo si kodi. Kama kiwango chako ni asilimia 24, hizo 400,000 zinakuokolea 96,000. Umetoa laki nne, umerudishiwa chini ya laki moja! Aliyetaka ardhi ibaki malisho atashukuru. Aliyefuata faida tu amekula hasara.

Basi ile karatasi inawezaje kuweka 50 ikatoa 225? Kwa kumpata mthamini wa kuapa kwamba pori la juzi leo ni Manhattan. Bunge lilichoka. Tangu mwisho wa 2022, punguzo la ubia likizidi mara mbili na nusu ya mtaji wa wabia, halikubaliwi kabisa, isipokuwa kwa hali chache kama ubia wa kifamilia au ardhi iliyoshikwa miaka mitatu. Na Januari 2024, Atlanta, waandaaji wawili wa mipango ya namna hii walihukumiwa kifungo, mmoja miaka 25, mwenzake 23.

Nyie mnaonunua na kuuza viwanja kama bidhaa dukani, punguzo lenu halivuki bei mliyonunulia. Vivyo hivyo kwa ardhi ambayo haijatimiza mwaka mkononi mwako.

Mama pale nyuma anauliza kuhusu rehani. Hilo nilikuwa nalisahau, nalo ndilo linalowaangusha wengi. Kama benki inakudai juu ya ardhi hiyo, lazima ikubali kwa maandishi kwamba hata ikiipiga mnada, mkataba wa hifadhi utabaki. Karatasi hiyo iwepo siku unapotoa haki yako. Ikija wiki moja baadaye, punguzo lote limekwenda. Kwa hiyo, mama, kabla hujamlipa mthamini hata senti, nenda benki.