Hati Haisemi Maji Yanafika Wapi

Ndugu wamiliki wa nyumba, habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumzie ujenzi wa mabondeni na bima, na naona wengine mmekuja na bahasha za hati. Vizuri, tuanze na hizo.

Hati inaeleza kiwanja ni cha nani na mipaka yake iko wapi. Maji yanafika wapi, haisemi. Bonde la Msimbazi lilihesabiwa kuwa eneo hatarishi tangu mpango kabambe wa Dar es Salaam wa 1979. Watu wakauziana viwanja humo humo, wakavutiwa umeme, wakazaa na kusomesha. Desemba 2011 mvua ikaua watu zaidi ya 40 jijini, na familia zikahamishiwa Mabwepande. Desemba 2015 zikaja alama za X nyekundu ukutani, na nyuma yake tingatinga. Bili ya umeme haikumkinga mtu.

Sheria yenyewe ni ya 2004, ya Usimamizi wa Mazingira. Kifungu cha 57 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Dalali atakwambia, "Bosi, hapa ni mita 70, lala usingizi." Sawa, kapima lini? Kingo za Msimbazi zinamomonyoka. Mto ukila mita 15 za ukingo, kiwanja chako hakijasogea hata hatua moja, lakini kimeingia ndani ya 60. Kwa hiyo kabla ya kununua, nenda mwenyewe wakati wa masika, na uwaulize wapangaji wa jirani. Mwenye nyumba anayeuza ana sababu ya kusahau.

Kuhusu kumwaga kifusi ili kiwanja kiinuke: maji uliyoyazuia yanakwenda kwa jirani. Inua msingi, angalia alama ya tope kwenye kuta za zamani, na soketi zote zikae juu ya alama hiyo.

Sasa bima, maana hapa ndipo watu wanaponung'unika zaidi. Kwenye gari, sheria inakulazimisha kuwa na bima dhidi ya mtu wa tatu. Kwa nyumba yako ya kuishi, anayekubana kwa kawaida ni benki, siku unapoiweka rehani. Unalipa ada, unapewa karatasi, unaitia kabatini. Karatasi hiyo mara nyingi ni bima ya moto. Mafuriko huwa ni nyongeza inayoandikwa na kulipiwa. Kama neno "mafuriko" halimo, usije ukalia na wakala siku maji yamefika dirishani. Na makochi na friji havimo kwenye bima ya jengo, hivyo vina bima yake.

Kuna jambo lingine linalouma. Nyumba ina thamani ya milioni 80, wewe ukasema 40 ili ada ipungue. Maji yakaiharibu nyumba hiyo, hasara ya milioni 20. Unadhani utalipwa 20? Utalipwa 10, kwa sababu ulikatia nusu, na hasara nayo inagawanywa nusu. Vivyo hivyo ukificha kwamba maji yaliwahi kuingia, kampuni ina haki ya kukataa kulipa.

Mtu akikwambia haya ni "mafuriko ya miaka mia", usihesabu kwamba umebakiwa na miaka 99. Maana yake ni nafasi 1 kati ya 100 kila mwaka. Chovya mkono kwenye bakuli la kunde 100, moja nyekundu, mara 30, yaani mara moja kwa kila mwaka wa miaka 30, ukirudisha kila unapochota. Uwezekano wa kuikamata nyekundu ni karibu asilimia 26. Na mikopo ya nyumba huenda mpaka miaka mingapi?

Haya, aliyekuja na mkataba wa bima aulete hapa mbele, tufungue ukurasa wa mambo yasiyolipwa. Wenye miwani watangulie, maandishi yake ni madogo.