Mabehewa Yajengewe Banda Kwanza

Mabibi na mabwana, mtaniwia radhi nikirudia neno ambalo wengi wenu mmekwisha kulisikia kutoka kwangu: reli inayoendeshwa na watu wa kujitolea huanza kufa kwenye mabehewa, wala si kwenye injini.

Tuitazame Talyllyn, huko Wales, reli yenye upana wa milimita 686 kati ya vyuma vyake viwili, iliyo mikononi mwa watu wa kujitolea tangu 1951. Mabehewa yake manne ya kwanza ya abiria, pamoja na la gadi (msimamizi wa treni), yangali yanafanya kazi. Milango yake hufunguka upande mmoja tu. Mkaguzi wa serikali, Kapteni Tyler, alipofika mwaka 1866, alikuta nafasi kati ya behewa na kuta za madaraja ni finyu mno kwa abiria kutoka salama. Ndipo njia ikasogezwa kando chini ya madaraja, na milango ya upande uliobanwa ikafungwa daima. Behewa la gadi nalo lina dirisha la kukatia tiketi za vituo vya njiani. Habari zote hizo zimo ndani ya mbao. Nani angezisoma leo kama mbao hizo zingeachwa zioze?

Najua nitajibiwa kwamba injini ndiyo inayowavuta watu waje. Sikatai, lakini hakuna abiria anayekaa juu ya boila, lile tangi la injini linalochemsha maji yawe mvuke. Tena boila ina mkaguzi wake na tarehe yake ya kusimamishwa, ilhali behewa huoza kimyakimya: maji hupenya pale turubai ya paa ilipochanika, huteremka ndani ya nguzo za ubavu nyuma ya mbao zilizopakwa rangi nzuri, hutuama kwenye boriti ya chini, na siku mlango unapokataa kufunga, boriti hiyo imekwisha kuwa ungaunga. Fundi mwenye saa chache za Jumamosi hawezi kushindana na mvua ya juma zima. Kwa hiyo nasisitiza: banda la mabehewa litangulie, injini nyingine ingoje.

Mabehewa ya mizigo nitayagusa tu, maana muda umekwisha. Machimbo ya mawe ya Bryn Eglwys, ambayo reli ya Talyllyn ilijengwa kuyahudumia, yalifungwa 1946, lakini kokoto na mataruma bado hubebwa kila njia inapotengenezwa. Ekseli na breki za mabehewa hayo zikaguliwe kwa ukali uleule, kwa sababu yanapita juu ya reli zilezile wanazopitia abiria.