Karatasi kwanza, brashi baadaye

Haya jamani, huko nyuma mnanisikia? Wengi wenu mlishanisikia nikisema haya haya, kwamba sisi wasanii tujiunge na tuwe na karatasi zetu, usajili na mikataba, mtanivumilia tu, maana kila nikinyamaza naskia studio nyingine imegeuka lodge.

Naanza na Morogoro Stores, yale maduka pale Oysterbay, Dar. Ndio, Tingatinga tena, ile michoro ya wanyama ya rangi kali, msigune. Edward Saidi Tingatinga katoka zake Tunduru, anaanza kuchora mwaka 1968, hana studio hana mfadhili, ana vipande vya hadibodi na rangi ya baiskeli basi. Kwa nini auzie pale na sio Manzese? Kwa sababu pale ndo Wazungu walikuwa wanakuja kununua mahitaji, mtu anatoka na siagi yake anakutana na chui kachorwa. Huyo mtu alijua kusoma mtaa kuliko sisi wenye madiploma.

Sasa hapa ndo huwa napandisha presha. 1972 polisi wanamdhania mwizi anayetoroka, wanampiga risasi, anakufa. Miaka minne tu! Kwa hesabu za kawaida ilitakiwa iishe pale pale, waliobaki ni vijana aliowafundisha, wengi ndugu zake, kila mmoja angebeba brashi yake akaenda kivyake. Hawakwenda. 1977 wakajiunga, 1990 wakawa ushirika kabisa, wenye jina na mhuri. Karatasi jamani! Mtu anakufa, ushirika unabaki. Oysterbay imejaa maghorofa na kahawa za bei ya debe la mahindi, na wenyewe wapo.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni, aah mzee, wale si wanachorea watalii, tembo wale wale. Sawa. Na wewe mwenye sanaa nzito unachorea wapi? Kwenye fremu ya kupanga, kodi miezi sita sita, mwenye nyumba akikohoa unahama.

Mimi mwenyewe nilishatolewa. Tulipanga godauni bovu, sitaji wapi, popo ndo walikuwa wapangaji wenzetu, tukaziba bati, tukachora ukuta, watoto wa mtaa wakawa wanakuja Jumamosi kuchora, wadada wa Instagramu wakaja kupiga picha, mwaka haujaisha naingia asubuhi namkuta dalali na wateja anawaonyesha ukuta WETU, eti "bosi, eneo hili limechangamka sana." Nani kalichangamsha? Na mkataba wetu ulikuwa wa mdomo, ndo maana sikuwa na cha kumjibu.

Ooh serikali itupe eneo. Impe nani? Wewe na begi lako? Hata ikitaka kutoa itatafuta chama chenye katiba na akaunti ya benki.

Haraka haraka, Houston kule Marekani, mtaa wa watu weusi unaitwa Third Ward, 1993 Rick Lowe na wasanii wenzake walichukua vijumba 22 chakavu, vingine wakaweka sanaa, baadaye vingine wakakaa kinamama vijana wanaosoma. Vijumba ni vya taasisi yao, kodi za mtaa zikipanda wao hawatolewi. Hayo yanahitaji saa nzima.

Nilitaka nigusie vituo vya wasanii, Nafasi pale Mikocheni, na GoDown ya Nairobi, ila naona emsii ananionyesha saa. Haya, maswali. Wewe wa kofia, uliza, ila ukiniuliza kuhusu kuchora ukuta wa mtu bure ili upate "ekspoja" nakupita.