Kuondoa naitrojeni na fosforasi kwenye majitaka ya nyumbani kwa tangi moja
Tangi hili la mita za ujazo 120 linafanya mizunguko 4 kwa siku, saa 6 kila mmoja. Kwa sasa lina mita 80 zenye tope la mzunguko uliopita, yaani bakteria wanaofanya kazi. Tutaingiza 40 za majitaka mabichi.

Jaza kwa dakika 90. Kichanganyio kizunguke, blowa (mashine ya kupuliza hewa) ikae imezimwa. Bakteria wakikosa oksijeni huichukua kwenye naitreti (naitrojeni iliyoungana na oksijeni) iliyobaki, na naitrojeni hutoka kama gesi. Chakula chao ni uchafu wa majitaka mabichi, ndiyo maana tunajaza sasa na si wakati wa hewa. Naitreti ikiisha, bakteria wa fosforasi huanza kuachia fosfeti, yaani fosforasi iliyoyeyuka majini. Ukipima utaikuta imepanda. Usishtuke, ndivyo inavyotakiwa.

Sasa washa blowa, dakika 180. Shikilia oksijeni kwenye miligramu 2 kwa lita. Amonia, yaani naitrojeni ya majitaka, inageuka naitreti, na bakteria wanafyonza fosfeti zaidi ya ile waliyoachia. Tazama pH (kipimo cha asidi na alkali), kwa sababu kazi hii hula alkali ya maji. Ikishuka chini ya 6.8 amonia itaanza kubaki. Ongeza chokaa kidogo kidogo.

Dakika za mwisho za hewa, toa tope. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Fosforasi haigeuki gesi, inatoka na tope tu, na tope likilala muda mrefu bila hewa huirudisha majini. Toa mita 2.5 kila mzunguko, yaani 10 kwa siku: tope litakaa tangini siku 12. Ukizidisha, bakteria wa amonia watakwisha, maana wanazaliana polepole, na kwenye maji ya baridi polepole zaidi.

Zima vyote dakika 45 tope lizame, kisha toa maji ya juu, mita 37.5, kwa dakika 45 zilizobaki.

Sasa angalia silinda hizi za lita 1, zilizojazwa mwisho wa hewa. Baada ya dakika 30 tope limeshuka hadi alama ya mililita 250. Hili la kulia limetulia. La kushoto linapanda vipande vipande, na vipovu vidogo vimelishika kwa chini: naitreti inageuka gesi ndani yake. Tangini, tope hilo lingetoka na maji safi. Kama amonia imeshaisha, zima blowa dakika ya 140 ya hewa, changanya tu kwa dakika 30, kisha rudisha hewa dakika 10 kufukuza vipovu, na tope ulitoe hapo.